Kafi Lililopumzika

Persida alikuwa na jicho, na alijua kwamba analo. Hilo la pili ndilo lililomponza.

Enzi hizo injini zilikuwa hazijafika pwani yetu ya Grinlandi. Kila mwanamume mwenye nguvu zake alitoka asubuhi na kayaki yake, kimtumbwi cha ngozi cha mtu mmoja, kufuata sili, mnyama mnene wa bahari ya baridi, akarudi na kitoweo, au akarudi mikono mitupu, au asirudi. Wanawake walipanda Mwambani kuwatazamia. Mwamba wenyewe upo mpaka leo, juu kidogo ya makaburi, mweusi, umelainishwa na makalio ya bibi zetu. Ukikaa pale unaiona bahari yote mpaka visiwa vya nje, na mtu akitokea huko anaonekana kidoa tu, kama chawa kwenye shuka. Wengine waliona kidoa. Persida aliona jina la mtu.

“Gerth huyo,” angesema, huku anaendelea kushona kiatu. “Anachakura maji kama mbwa anafukua mfupa. Tabitha, kabandike chungu.”

Tabitha, mke wa Gerth, angeshuka kubandika chungu, na kabla maji hayajachemka Gerth yuko ufukweni anavua glavu. Ilikuwa hivyo miaka nenda miaka rudi.

Asiyejua hudhani kupiga kafi ni kupiga kafi tu. Nani kakwambia? Kafi letu ni jembamba, lina bapa huku na huku, na kila mtu hujichongea lake kwa kipimo cha mwili wake: upana wa mikono aliyoinyoosha, juu yake ongeza kiwiko mpaka ncha za vidole. Kuchukua kafi la mwenzako ni sawa na kutafuna kwa meno ya mwenzako. Na hata ukiwapata wawili wenye miili sawa, mmoja atazamisha bapa lote, mwingine atalipitisha juujuu. Mmoja anasukuma kwa kiuno, mwenzake kwa mabega. Yupo anayeinua mkono wa kulia juu kuliko wa kushoto kwa sababu baba yake alimpiga mkono ule, yupo anayeinamia mbele kwa sababu mgongo wake ndivyo unavyotaka. Hakuna anayekufundisha hayo. Yanakuota tu, kama sauti, na ukishakuwa mtu mzima huwezi kuyaficha.

Persida aliyajua yote, ya kijiji chetu na ya vijiji viwili vya jirani. Watu walimsifu, na sifa zilimkolea. “Shangazi,” Tabitha alimtania siku moja, “bahari ikikauka wewe utakula nini?”

“Nitakula maneno yako. Hayaishi.”

Wakacheka wote pale juu. Persida alikuwa hodari wa kucheka siku zile.

Mapigo ya mumewe, Zakarias, hata kipofu angeyatambua. Bega lake la kushoto liling'oka zamani, sili dume mkubwa alipogeuka na kumburuta kwa kamba ya chusa, ule mkuki wa kuwindia baharini. Mjomba wake alilirudisha kwa goti na matusi, lakini halikurudi sawasawa. Tangu hapo Zakarias alipiga mapigo machache, akalilaza kafi juu ya kayaki mbele ya kifua, akainama, akavuta pumzi, kisha akaendelea. Mapigo, kulaza, kuinama. Vijiji vya jirani vilimwita Mzee wa Sala, ati haendi popote bila kuomba. Hakujali. Alileta nyama nyingi kuliko waliomcheka.

Alichojali ni kimoja. Mwaka mmoja alipita kijana mgeni kutoka kusini, akamwona analaza kafi, akadhani kazidiwa. Kijana akatoka mbio, akaifunga kayaki ya Zakarias kamba, akaivuta mpaka ufukweni kama anavuta gogo. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Zakarias hakumsalimu mtu majira yote ya baridi, hata kanisani. Kwetu mwindaji haokolewi kabla hajaomba. Anayetaka msaada analisimamisha kafi lake wima juu ya kichwa, na kila mtu anaelewa. Asiyelisimamisha, mwache aje mwenyewe.

Zakarias na Persida walizaa watoto wengi, wakazika wengi, akabaki Efraim. Huyo ndiye aliyekuwa roho ya Persida, na sioni haja ya kuzunguka maneno. Alipokuwa mdogo, alikaa mchangani ndani ya kayaki ya kuchezea na kijiti mkononi: anapiga, analaza kijiti kifuani, anainama, anatoa pumzi ya uzee. Kijiji kizima kilivunjika mbavu. Zakarias peke yake hakucheka.

“Nani kakwambia ufanye hivyo?”

“Wewe unafanya.”

“Mimi napumzika kwa sababu nimevunjika. Wewe umevunjika wapi?”

Akampeleka majini palepale, maji ya kiunoni, akamshika ukosi, akampigisha kafi bila kusimama mpaka mtoto akalia. Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Persida aliona ni ukatili na alisema hivyo, lakini Zakarias alimjibu kwamba mtu akirithi ulemavu asio nao ni mpumbavu. Basi Efraim akakua na mapigo yaliyonyooka, kulia sawa na kushoto, hayaongezi wala hayapunguzi. Alikuwa na mapigo mazuri kuliko yote pwani ile, na mama yake hakuchoka kuyatazama. Kutoka Mwambani alimwona akitokeza kisiwani na kifua chake chote kilimlegea kwa furaha.

Siku ninayoisimulia barafu changa ilikuwa imeanza kuganda pembezoni asubuhi, na sili walikuwa wanapita nje ya visiwa kwenda kusini. Ni siku za kujaza ghala. Efraim alikula samaki mkavu akiwa amesimama mlangoni.

“Kaa chini ule kama mtu,” Persida alimwambia.

“Sili hawakai chini, mama.”

“Na huyo msichana wako wa ng'ambo atakupikia umesimama?”

“Huyo atanilisha kwa mkono.” Akambusu mama yake puani, akatoka huku anatafuna. Baba yake alikuwa ameshatangulia ufukweni. Waliondoka pamoja na wengine, kayaki zikifuatana, mmoja wao akilaza kafi kila baada ya kitambo.

Gerth alirudi mapema na sili wake, maana alikuwa na bahati na alikuwa na mafua. Mchana ukapita. Kisha hewa ikawa ya joto ghafla, joto lile baya linaloshuka kutoka barafu kuu ya bara, na kila mtu akajua. Upepo ule ukishuka, bahari ya ndani inabaki kama mchuzi uliotulia, ila nje ya visiwa maji yanasimama kama kuta. Wanawake wakapanda Mwambani bila kuitana. Gerth naye akapanda, blanketi shingoni, anapiga chafya.

Wanaume wakaanza kutokea mmoja mmoja, na Persida akawataja mmoja mmoja, na kila aliyetajwa mke wake alishuka. Mwishoni wakabaki Persida, Gerth na Tabitha. Nje walikuwa wamebaki Zakarias, Efraim na vijana wachache wasio na wake.

Ndipo kidoa kikatokea upande wa kusini, karibu na miamba tunayoiita Meno ya Mbwa. Si upande ambao watu hutokea. Persida akakinga macho kwa mkono. Kidoa kilisogea, kikasimama. Kafi likalala. Mtu akainama. Kisha mapigo machache, kisha kafi likalala tena.

“Zakarias,” alisema, na mabega yake yakashuka. “Mzee wa watu kaamua kuzunguka leo.”

Gerth alitazama kwa muda mrefu. “Shangazi, yule hayuko sawa.”

“Lini mjomba wako akawa sawa?”

“Anapumzika mno. Na kule kusini anafanya nini? Upepo unamsukuma kwenye Meno.”

“Alijua kazi yake kabla wewe hujaacha kunyonya. Kafi limesimama?”

“Halijasimama.”

“Basi.”

Gerth akafuta pua kwa blanketi. “Kayaki yangu bado imelowa. Nitamfuata tu, nitamwambia natafuta glavu yangu.”

“Nenda,” alisema Persida, akacheka. “Nenda ukamvute kwa kamba, watu wakae chini tena wacheke. Halafu wewe ndiye utakayelala naye chumba kimoja majira yote ya baridi, maana mimi nitahamia kwenu.”

Tabitha naye akacheka. Gerth akaona haya. Mtu mzima ukichekwa na wanawake wawili juu ya mwamba, unafanyaje? Alikaa.

“Efraim je?” Tabitha aliuliza.

“Efraim yuko nyuma ya kisiwa na wenzake. Yule hawezi kumwacha mtu nyuma, ndiye anayewafunga mkia.”

Alisema kama anayeona. Hakuona chochote, jamani. Alijua tabia ya mwanawe, akaijaza pale jicho lilipokosa kitu. Na tangu siku ile watu wengi wamelizungusha jambo hili, wakasema ingekuwa hivi, ingekuwa vile. Maneno rahisi. Hakuna hata mmoja kijijini ambaye angemkatalia Persida alipotaja jina.

Akashuka kupika. Alikuwa na ini bichi ambalo Zakarias analipenda lichemshwe kidogo tu, na akaweka birika la kahawa pembeni ya moto kwa ajili ya Efraim, maana Efraim akitoka baharini hunywa kahawa kwanza. Alifagia. Alitandika ngozi kavu juu ya kitanda. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, sauti ya pili, kama anavyofanya akiwa hana wasiwasi.

Aliporudi juu, kayaki ile ya kusini ilikuwa haijasogea kiasi alichotarajia. Tabitha hakuwa anacheka tena.

“Shangazi, safari hii kalaza kafi muda mrefu sana.”

“Amechoka. Umri huo unadhani ni mchezo?”

“Wakati hupo lililala mara moja, nikadhani halitainuka.”

Persida akatazama. Yule mtu aliinama chini zaidi kuliko kawaida, kisha akainuka, akapiga upande mmoja, upande mmoja tena, akalilaza. Kitu kidogo kilimchoma tumboni. Alikisikia, na akakinyamazisha kwa makusudi. Baadaye alisema kwamba hicho ndicho asichoweza kujisamehe, kwamba tumbo lilimwambia na yeye akalijibu kwa majivuno. Gerth alikuwa ameshuka ufukweni, amesimama kando ya kayaki yake, mkono juu ya ngozi, anatazama juu kungoja neno. Persida alimpungia kwamba tulia.

Hapo ndipo wengine wakatokea kutoka nyuma ya kisiwa, upande wa kaskazini, njia ya kila siku. Kayaki tatu, na nyuma yao ya nne, imeelemewa, inakokota sili wawili. Yule wa nne alipiga mapigo machache, akalilaza kafi mbele ya kifua, akainama, akavuta pumzi.

Tabitha alisema, “Lakini huyo ni…”

Persida alimtazama yule wa kaskazini. Bega la kushoto lilikuwa linashuka vilevile lilivyoshuka miaka yote ya ndoa yake. Kisha akageuza kichwa kusini, na akaona kafi jingine limelala, na mtu mwingine ameinama, na wala hakuhitaji kufikiri.

Hakupiga kelele. Alikimbia. Aliteremka mwamba ule kwa makalio na viganja, akachanika, akafika chini anamsukuma Gerth kifuani kwa ngumi mbili. “Efraim,” alisema. “Ni Efraim yule. Ni mwanangu yule.” Gerth alikuwa ameshaingia kayaki kabla hajamaliza, na waliokuwa wamefika wakazigeuza zao. Zakarias akiwa bado mbali aliona watu wanarudi majini, akaelewa kwamba kuna mtu. Alikata kamba, akawaacha sili wake wawili wazame, akaelekea kusini. Watu wanasema hakulaza kafi hata mara moja njia nzima.

Persida alirudi Mwambani, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Aliona yote. Jicho lake lilikuwa zima. Aliona wimbi likipanda kwenye Meno ya Mbwa na kushuka, na kayaki ya mwanawe ikiwa juu yake, kafi limelala. Wimbi la pili lilipopita, palikuwa na tumbo la kayaki tu, jeupe kwa mafuta. Efraim alikuwa anajua kupinduka na kuinuka kwa njia zote, kwa kafi, kwa kijiti cha kurushia chusa, kwa kiganja kitupu. Persida alingoja ainuke. Aliendelea kungoja hata baada ya Gerth kufika pale, hata baada ya kumwona Gerth anaweka mkono juu ya lile tumbo jeupe.

Zakarias ndiye aliyemleta. Walipomvua koti la ngozi waliona mkono wa kulia umevunjika mara mbili, na alama ya kamba imeuzunguka juu ya kiwiko, nyeusi, imeingia ndani ya nyama. Hapakuwa na la kuuliza. Alichoma sili upande wa kusini peke yake, kamba ikamkamata, sili akavuta. Alijikata akajitoa, na akaja umbali wote ule kwa mkono mmoja, kafi kalibana kwapani, na kwa kuwa mwili uliovunjika hauwezi kupiga kafi kwa kunyooka, ulienda kutafuta njia aliyoiona tangu anatambaa. Kulisimamisha kafi juu ya kichwa hakuweza. Lilihitaji mikono miwili.

Wakamzika chini ya mawe, maana udongo ulikuwa umeshaganda. Katekista alisoma, watu wakaimba, Persida hakuimba. Na kwa kuwa kwetu jina la aliyekufa halitajwi mpaka mtoto mchanga alichukue, nyumba ikabaki bila neno lenyewe la kulilia.

Siku chache zilipita. Majirani walikuja, wakakaa kando ya taa ya mafuta, wakanywa kahawa, wakazungumzia upepo. Zakarias alikuwa anatengeneza chusa ambacho hakikuwa kimeharibika. Bila kuinua uso akauliza, “Nani alikuwa juu ya mwamba?”

Gerth alitazama viatu vyake. Tabitha akamfuta mtoto wake makamasi ambayo hayakuwepo.

“Nauliza. Mtu ametoka kusini mchana kweupe, amekuja mpaka karibu, bahari ya ndani shwari. Hapa palikuwa na wanaume na kayaki. Nani alikuwa anatazama?”

“Mimi,” alisema Persida. “Gerth alitaka kwenda. Nilimcheka. Nilisema ni wewe.”

Zakarias akaweka chusa chini. “Alikuwa analaza kafi?”

“Kama wewe. Kama wewe kabisa, na kuinama.”

Watu wakangoja. Wengine walifikiri atampiga, ingawa hakuwahi. Zakarias alikaa na mikono juu ya magoti, anatazama pale ambapo mtoto wake alikuwa anakaa kula akikubali kukaa. “Nilimkanya yale mapigo,” alisema. “Mpaka akalia, nilimkanya.” Kisha akaomba kahawa, na Persida akammiminia, na majirani wakaaga mmoja baada ya mwingine.

Nyama inaliwa hata na wenye msiba. Zakarias alitoka tena baharini kabla ya barafu kufunga mlango, na Persida akapanda Mwambani. Watu walidhani hatapanda tena. Alipanda kabla ya wote na hakuleta ushoni. Mchana kayaki ikatokea, mapigo machache, kafi likalala, mtu akainama, na Persida akaanza kupiga mayowe.

“Mfuateni. Gerth, mfuate. Mfuateni huyo.”

“Shangazi, ni mjomba,” alisema Gerth taratibu. “Ni bega lake tu.”

“Unajuaje? Niambie unajuaje.”

Gerth akaenda. Alimkuta Zakarias mzima, anapumzika, sili mmoja nyuma. Walirudi pamoja, Zakarias mbele, Gerth nyuma. Ufukweni hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo. Na iliyofuata. Kafi likilala tu, Persida anashuka mbio, anagonga milango, anawatoa wanaume kwenye chakula. Mwanzo walikwenda kwa huruma. Kisha walikwenda kwa kuchoka, wakisukumana nani aende. Kisha habari zikavuka maji, na vijana wa vijiji vya jirani, ambao wana midomo kama kawaida ya vijana, wakaacha kumwita Zakarias Mzee wa Sala. Wakamwita Mtoto wa Mama. Mmoja alimwita hivyo mbele yake, dukani, wakati anasubiri kupimiwa sukari. Zakarias alichukua sukari yake akaondoka.

Tabitha alijaribu kuongea na Persida. “Shangazi, unamvunjia heshima mumeo.”

“Najua.”

“Basi kaa nyumbani. Mimi nitatazama kwa niaba yako.”

“Wewe ulikuwepo siku ile,” alisema Persida. “Ulitazama nini?” Ni neno baya, na alilisema akijua ni baya. Tabitha alilia njia nzima ya kurudi kwake, na hawakukaa pamoja Mwambani kwa muda mrefu.

Kisha siku moja Zakarias akatokea kisiwani na hakulaza kafi. Alipiga kulia, akapiga kushoto, akapiga tena na tena bila kusimama, sili nyuma yake anaburutwa, maji ya pembezoni yameanza kuwa mazito kwa barafu. Persida alisimama. Alimtambua kwa kayaki na kwa sili na kwa saa ya kurudi, lakini mapigo hayakuwa ya mtu yeyote. Yalikuwa mabovu. Upande wa kushoto bapa lilitoka majini kwa shida, likarudi limepinda, na kila lilipotoka kichwa cha Zakarias kilirushwa nyuma kidogo. Hakukuwa na haja ya kumwita mtu. Ndicho Zakarias alichokuwa anataka, Persida asimwite mtu.

Akashuka kumpokea. Zakarias alikaa ndani ya kayaki ufukweni muda mrefu, uso una rangi ya majivu, na hakuweza kujitoa. Persida alimshika kwapani akamvuta kama anavyovutwa mzee, na wanaume waliokuwa wanachinja karibu wakageuza migongo kwa adabu. Aliendelea hivyo siku zote zilizobaki za majira. Bega likavimba, vidole viwili vya mkono ule vikafa ganzi, na sili wakapungua, maana mtu anayesikia maumivu harushi chusa vizuri. Gerth aliwapelekea nyama bila kuulizwa. Kila mtu aliona mwisho wa jambo hilo ni nini: mwaka mmoja zaidi wa kupiga kafi hivyo, na Zakarias hatakuwa mwindaji tena, watakula vya watu.

Jioni moja Persida alikuwa anamvua mumewe koti. Mkono wa kushoto haukuweza kupita juu ya kichwa, ikabidi alitoe koti taratibu kwa upande, kama anamvua mtoto aliyelala.

“Kesho pumzika ukiwa huko,” alisema Persida.

“Nikipumzika utapiga mayowe.”

“Sitapiga.”

Zakarias alimtazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuvumilia. “Nikilaza kafi hata kidogo tu. Nikainama. Utaweza kukaa pale juu ukanyamaza?”

Persida alifungua mdomo ajibu ndiyo. Alitaka kujibu ndiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu msiba. Alijaribu kuona kafi limelala na yeye amekaa, mikono mapajani, anangoja liinuke. Aliona tumbo jeupe la kayaki.

“Siwezi,” alisema.

Zakarias aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa upepo unatoka wapi. Akamwomba mafuta. Persida akayapasha moto kidogo juu ya taa, akamsugua bega mpaka mkono wake mwenyewe ukachoka, na Zakarias akauma ukosi wa shati ili asitoe sauti.

Asubuhi alimsaidia kuingia kwenye kayaki, akamfunga koti kiunoni, akamkabidhi kafi. Halafu akapanda Mwambani, akamtazama akienda, kulia, kushoto, kulia, kushoto, hakulilaza hata mara moja, mpaka alipopotea nyuma ya kisiwa.